Faili ya mama ilishikwa kwa sababu ya shilingi 2,400

Mama yangu ana mfuko wa nailoni wa Nakumatt. Mfuko wenyewe ni haramu siku hizi maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na Nakumatt nayo ilishafunga milango kitambo, kwa hiyo ukiuangalia vizuri unaona kitu kilichozika duka na bado kinakwepa NEMA, wale askari wa mazingira. Ndani kuna eksirei mbili zimegandana kwa joto, kadi za kliniki za sisi watoto, risiti ambazo wino umefutika zimebaki nyeupe kama hakuna aliyelipa chochote, na vitabu vinne vya shule, vile vyembamba, kila kimoja kimeandikwa jina lake na namba ya OP, ile ya mgonjwa wa nje, pale mahali pa kuandika shule na darasa.

Waliotibiwa hospitali za serikali hawahitaji kuelezwa. Unafika bila kitabu, unarudishwa nje kwa geti kwa yule mama anayeuza peremende na kalamu, unanunua kitabu, unarudi kwa laini, daktari anaandika humo ndani na unaenda nacho nyumbani. Sisi watoto tulikuwa tunacheka hiyo mambo sana. Tulimwambia atupe ule mfuko hata mara kumi.

Kitabu cha mwisho kinaishia 2016. Mwaka huo kaka yangu alipata kazi kwa kampuni ambayo bima yake inakubali uongeze mzazi ukikatwa kitu kidogo kwa mshahara, na mama akaanza kuenda kliniki ya kibinafsi huku Eastlands, Nairobi, ile ya taili na televisheni na dispensa ya maji. Siku ya kwanza alitoa kitabu chake, msichana wa risepsheni akamwambia, "Mama, hicho weka tu kando, hapa kila kitu kiko kwa kompyuta." Mama alirudi nyumbani akituhadithia kama mtu ametoka ng'ambo.

Na huyo msichana siwezi kumlaumu bana, kwa sababu mimi mwenyewe nimefanya hiyo kazi miaka sita, kwa kliniki nyingine si mbali na hapo, na hiyo sentensi nimeisema mara ambazo siwezi kuhesabu. Nilitoka, siku hizi niko kwa ofisi ya sacco, lakini bado nikiingia kliniki yoyote macho yanaenda moja kwa moja kwa ile karatasi ya ukutani nyuma ya kaunta, ile imefunikwa plastiki, imeandikwa masharti kwa wagonjwa. Ya kwetu ilikuwa kurasa mbili. Mwenye kliniki aliitoa mahali akabadilisha jina na nembo, na kwa miaka yote niliyokuwa hapo ilikuwa na aya nzima ya mahali pa kuegesha gari na sisi tulikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la simenti, hatuna hata pa kuegesha baiskeli. Hakuna aliyewahi kuuliza. Kwa hiyo najua hakuna aliyewahi kusoma. Lakini wote walisaini, kwa sababu chini ya fomu ya kujisajili, baada ya jina na namba ya simu na jamaa wa karibu, kuna kamstari kadogo kanasema nimesoma na kukubali masharti, na sisi tulikuwa tunaweka X na kalamu pale pa kusaini ndiyo mtu asipoteze muda.

Matusi huanzia kwa apointmenti. Tulikuwa tunagawa dakika kumi na tano kwa kila mtu, daktari mmoja, wagonjwa wanne kwa saa, kwa karatasi inaonekana sawa kabisa. Wa kwanza anaingia na mtoto ana homa, anatoka baada ya dakika kumi, poa. Wa pili anasema ni kichwa tu kinauma, anapimwa, anaandikiwa dawa, anaamka, halafu ameshika kitasa cha mlango ndiyo anakumbuka, "Daktari, na pia kuna uvimbe nilisikia hapa kwa titi." Sasa utamwambia nini, aende arudi wiki ijayo na uvimbe? Anakaa tena. Na wale walioko nje wanaanza kuniangalia mimi, si daktari, mimi, kama ndiye nimeficha dakika zao kwa droo.

Halafu kuna siri ya kazi ambayo siku hizi naweza kusema: tulikuwa tunaandika watu wawili kwa nafasi ya mtu mmoja. Watu hawaji. Mvua ikinyesha hawaji, mwisho wa mwezi kabla mshahara uingie hawaji, mtoto akipona usiku hawaji na hawapigi simu. Kwa hiyo unaweka wawili saa nne ukijua mmoja atapotea, na inafanya kazi vizuri mpaka Jumatatu moja jua limewaka na wote wamefika, na wote wawili wana meseji kwa simu inasema saa nne, na wote wawili wananionyesha.

Meseji zenyewe zilitutesa. Sistimu ilikuwa inatuma kwa Kiingereza, jina lako, tarehe, halafu 9:00. Kuna mzee mmoja wa sukari, mtu wa heshima, kofia mkononi, alikuja saa tisa alasiri amefunga tangu usiku kwa sababu alikuwa apimwe damu kabla ya kula. Nikamwambia mzee umechelewa saa sita nzima, ilikuwa asubuhi. Akatoa simu pole pole, akavaa miwani, akanisomea, "Tisa, nukta mbili, sufuri sufuri." Mzee anasoma 9:00 anaona saa tisa, na ni nani atamwambia amekosea, saa ni saa yake. Alikuwa ameanza kutetemeka. Nilimnunulia soda na mandazi kwa pesa yangu, na kipimo chake kikasongeshwa, na siku hiyo hiyo nikaanza kutuma meseji ya pili kwa mkono kwa wazee wote, "njoo saa tatu ASUBUHI, usile kitu, maji tu ni sawa". Kama wewe ndiye unafanya hiyo kazi saa hii, tafadhali fanya hivyo, haigharimu hata shilingi mbili.

Kuhusu kuchelewa, karatasi yetu ilisema ukichelewa dakika ishirini unarudi mwisho wa laini. Barabara ya Outering ikishikana asubuhi unaweza kukaa kwa matatu moja mpaka mkajuana na kondakta majina ya watoto, lakini sheria ni sheria, nilikuwa nawarudisha mwisho. Na daktari wetu, Mungu ambariki, alikuwa na kazi nyingine Upper Hill asubuhi, kuna siku alikuwa anaingia saa tano na watu wako hapo tangu saa tatu. Kurasa mbili za masharti, na hakuna mstari hata mmoja kuhusu daktari akichelewa. Hiyo nimeona kwa kila karatasi ya aina hiyo niliyosoma tangu siku hiyo.

Sasa pesa. Konsaltesheni unalipa kabla ya kumuona daktari, hiyo wengi wanajua. Ambayo hawajui ni ile ya kurudi. Kliniki nyingi wanakwambia ukirudi ndani ya siku kadhaa hulipi tena, kwetu zilikuwa saba, na kila wiki lazima mtu apigane na mimi kwa sababu ya siku ya nane. Uliza siku hiyo hiyo unalipa: ni siku ngapi, na zinahesabiwa kutoka leo ama kutoka majibu ya maabara yatoke. Na ukirudi useme "hata mgongo pia unaniuma", huo ni ugonjwa mpya na ni pesa mpya. Ni ukora? Kidogo. Lakini pia nimeona mtu akirudi siku ya sita na mtoto wa jirani, ati waone pia huyu kwa ile risiti.

Kwa bima ndipo kuna vichekesho na machozi pamoja. Mama mmoja anafika, anatoa kadi, anaambiwa aweke kidole kwa kamashini. Kidole hakisomeki. Mama amelima, amefua nguo za watu, amekuna nazi na kupukusa mahindi miaka hamsini, alama za vidole zimeisha, na kompyuta inasema huyu si yeye. Tulikuwa na mafuta ya kupaka kwa kaunta kwa sababu ya hiyo tu, unampaka, unampanguza, unajaribu kidole gumba, unajaribu kingine, watu nyuma wanasonya. Ikikataa kabisa unapigia bima simu na unawekewa muziki.

Ikikubali, unasaini fomu ya bima, na hapo ndiyo pana mstari ambao ningeomba kila mtu asome hata kama hatasoma mengine yote: bima ikikataa kulipa, bili ni yako. Watu wanadhani kadi ikipita basi imelipwa. Haijalipwa. Kupita kwa kadi maana yake ni kwamba siku hiyo bado una pesa kwa kava. Kliniki inatuma makaratasi mwisho wa mwezi, bima inakaa nayo, na baada ya miezi, mara nyingine mingi sana, wanarudisha baadhi. Hii daktari hakuandika ugonjwa. Hii haina sahihi. Hiki kipimo ni cha kuangalia afya tu na kava yenu hailipi hivyo. Zikirudishwa, anayezipokea ni mhasibu, na mhasibu anafanya jambo moja, anaandika jina la mgonjwa kwa kitabu cha madeni. Kumpigia mgonjwa simu kumwambia hilo si kazi ya mtu yeyote. Nimetafuta kwa kichwa ni nani kwetu alikuwa apige hiyo simu na sipati, si mimi, si mhasibu, si bima.

Siku hizi kuna SHA pia, bima ya afya ya serikali, iliingia mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na rafiki yangu ambaye bado yuko kwa kaunta ananiambia asubuhi yake yote huisha akieleza kwamba kujisajili peke yake kunakutoshea zahanati na kituo cha afya, level 2 na 3 zilizo kwa mpango, lakini ukipanda juu ya hapo wanaangalia kama umelipa. Na si kila kliniki ya kibinafsi iko kwa mpango. Uliza kwa mlango kabla hujapimwa presha.

Na ile ya kufungiwa hospitali kwa sababu ya bili, hiyo nitapita haraka kwa sababu kliniki yetu haikuwa na vitanda, lakini watu huuliza. Katiba, kifungu cha 43, inasema mtu hawezi kunyimwa matibabu ya dharura, yaani mtu akiletwa anavuja damu hakuna kuongea deposit kwanza. Na mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuilia kina mama wawili waliokuwa wamejifungulia hospitali ya Pumwani, kisa hawajamaliza bili, ilikuwa kinyume cha katiba. Deni linabaki deni, wakudai, wakupeleke kortini wakitaka, lakini mwili wako si rehani.

Mwili si rehani. Hiyo watu wengi washaisikia. Sasa faili je?

Nikiwa kaunta nilikuwa nachunga faili vizuri, hiyo lazima nijisifu. Kuna siku HR wa kampuni moja alipiga simu, sauti tamu, ati mfanyakazi wao ameleta karatasi ya siki-ofu, ruhusa ya ugonjwa, ya siku tatu na wanataka tu "kukonfamu" anaugua nini. Nikamwambia karatasi ni yetu na siku ni tatu, basi. Akabadilika, akauliza kama najua kampuni yao ndiyo inalipia bima. Nikamwambia najua. Akataka kuongea na mkubwa wangu, mkubwa wangu akamwambia hivyo hivyo, na sijawahi kumpenda mkubwa wangu kama dakika hiyo. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mambo ya mgonjwa ni siri, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya kwa lile fungu la habari nyeti kabisa. Kuchanganya pia tulikuwa waangalifu, kabati letu lilikuwa na kina Mary Wanjiku kadhaa, ukiita Mary Wanjiku watatu wanasimama, kwa hiyo ilikuwa lazima namba ya OP na mwaka wa kuzaliwa, kila mara.

Kwa hiyo kufungia wengine nje, nilijua. Kumfungulia mwenyewe, hapo ndiyo nilikuwa bure kabisa. Mgonjwa akihama mtaa akija kuomba faili yake nilikuwa naangalia kompyuta, nikiona ana balansi namwambia kwa upole sana, "Maliza hii kitu kidogo kwanza halafu tukutolee." Nilikuwa naona ni sawa. Ilikuwa kwa karatasi ya ukutani, aya ya mwisho.

Basi. Mwaka jana kaka akabadilisha kazi, bima ikawa nyingine, na ile kliniki ya taili haikuwa kwa orodha. Mama akaenda kliniki mpya karibu na stegi ya nyumbani. Kijana daktari, mpole, akamuuliza anatumia dawa gani ya presha. Mama akasema, zile nyeupe ndogo. Nyeupe ndogo za aina gani? Nyeupe. Dawa zilikuwa zimeisha siku nne, pakiti ameshatupa, na kitabu hakuna, kwa sababu miaka yote hiyo kila kitu kilikuwa kwa kompyuta, tu si kompyuta hii. Presha ilikuwa juu. Daktari akamwandikia enalapril, ni dawa ya kawaida kabisa, ya bei nafuu, hata mimi ningemwandikia kama ningekuwa daktari.

Baada ya kama wiki tatu mama akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha kukwaruza, kibaya zaidi usiku. Tukasema ni baridi ya Julai. Akapewa antibayotiki. Akamaliza, bado. Akapigwa eksirei ya kifua, safi. Akatolewa makohozi kupimwa TB, ingawa kutoa makohozi ya kikohozi kikavu ni kazi ya aibu, anajikamua pale asubuhi na kikopo mkononi hakuna kinachotoka. Majibu yakaja, hana. Lakini kabla majibu yaje nilienda kumuona Jumamosi moja nikakuta kikombe chake kimewekwa peke yake juu ya friji, kimefungwa uzi mwekundu kwa mkono wake ili wajukuu wasikiguse. Hakuwa ametuambia. Alikuwa ameanza pia kukaa karibu na dirisha.

Hicho kikombe ndicho kilinitoa nyumbani Jumatatu nikaenda ile kliniki ya zamani kuomba faili. Nikafika, nikajieleza, msichana akaniuliza, "Wewe ndiye mgonjwa?" Nikasema ni mamangu. Akasema basi hawezi. Nikakasirika kidogo halafu nikajishika, kwa sababu alikuwa sahihi kabisa, faili si yangu, hata kama nilitoka kwa tumbo la mwenye faili. Nikarudi Jumatano na mama, kitambulisho chake mkononi. Msichana akabofya bofya. Akatuangalia kwa ule upole.

"Mama, kuna kitu kidogo hapa. Kuna balansi ya elfu mbili mia nne. Mkimaliza hii tutawatolea."

Mama akauliza ni ya nini, yeye alikuwa anatumia kadi siku zote. Ilikuwa ni kipimo cha mafuta kwa damu cha karibu miaka miwili nyuma, bima ilikuwa imerudisha, ati kilikuwa cha kuangalia tu. Miaka miwili, na namba ya mama ya simu iko hapo kwa skrini, walikuwa wanamtumia heri ya Krismasi kwa hiyo namba. Mama akaanza kufungua kibeti. Mimi nikamshika mkono, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ya zamani kwa mdomo wa huyo msichana, neno kwa neno, hata ile "kitu kidogo", na nikaona haya sana, si kwa niaba yake.

Nilichofanya ni barua. Nilienda kwa saiba ya hapo chini nikaandika ukurasa mmoja, jina la mama kama lilivyo kwa kitambulisho, namba ya OP, kwamba anaomba kopi ya rekodi zake zote za matibabu kutoka 2016, chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kwamba kanuni za 2021 zinawapa siku saba na hakuna malipo. Mama akasaini mwenyewe. Tukapiga kopi mbili, moja yao, moja nikaomba wagonge muhuri wa kupokea. Muhuri wenye tarehe ndiyo kila kitu, bila huo muhuri siku saba zinaanzia wapi? Ya deni sikuandika chochote kwa hiyo barua, makusudi. Ni vitu viwili tofauti, na kwa hiyo sheria sijaona mahali pameandikwa haki yako inangoja umalize balansi. Nilikuwa nimejipanga wakikataa niende kwa ofisi ya Kamishna wa Data, wao wanapokea malalamiko na wana siku tisini kuyamaliza.

Haikufika huko. Siku ya tatu akapiga simu meneja, anasema ripoti ya daktari ni shilingi 1,500. Hapa kuwa macho. Ripoti ni kitu daktari anakaa chini anakuandikia upya, muhtasari, na hiyo ana haki akulipishe. Kopi ni yale yaliyoandikwa tayari, yatolewe kwa printa. Nikamwambia hatutaki ripoti, tunataka kopi. Kimya kidogo. Siku ya tano tukaitwa, kurasa kumi na moja kwa bahasha ya kaki, bure. Zile 2,400 nililipa wiki iliyofuata kwa Paybill, nikaomba risiti, kwa sababu kipimo kilifanywa na mama alipimwa, siwezi kusema halikuwa deni.

Nilisoma zile kurasa kwa matatu tukirudi, nimesimama. Mwandiko wa madaktari nauweza, ndio kitu pekee nilichotoka nacho kwa ile kazi ukiacha maumivu ya mgongo. Ukurasa wa saba, mwaka 2018, mstari mmoja: kikohozi kikavu wiki tatu, anatumia enalapril, simamisha, anza losartan. Kumbe ilishatokea. Dawa ile ile, kikohozi kile kile, daktari mwingine alishaikamata miaka yote hiyo nyuma, na mama hakukumbuka kwa sababu 2018 aliambiwa tu "tumekubadilishia dawa mama" na zote mbili ni nyeupe ndogo. Enalapril na ndugu zake zinajulikana kwa hilo, kuna watu zinawaletea kikohozi kikavu hakisikii dawa yoyote mpaka uache yenyewe. (Usiache dawa yako ya presha kwa sababu umesoma hii, nenda uulize.) Eksirei, antibayotiki, makohozi, uzi mwekundu, vyote hivyo, na jibu lilikuwa limekaa kwa kabati umbali wa stegi nne.

Yule kijana daktari alisoma ukurasa wa saba akanyamaza, akasoma tena, akamwambia mama pole. Akambadilishia. Kikohozi kilichukua kama wiki tatu kuisha kabisa. Kikombe kilirudi kwa kabati na vingine, uzi bado uko, wajukuu sasa wanakipigania kwa sababu ndicho kina uzi.

Siku ya kurudi kuangalia presha mama alikuja na ule mfuko wa Nakumatt. Nilidhani ameleta kumuonyesha daktari eksirei za zamani. Akatoa kitabu kipya cha Kasuku, hakijakunjwa hata kona, ameshaandika jina lake na namba ya OP pale mahali pa shule na darasa, akakiweka juu ya kibodi.

Daktari akacheka, akasema, "Mama, lakini mimi naandika kwa kompyuta."

"Andika tu huko, mwanangu," mama akasema, "halafu uandike na hapa. Na uandike na jina la hiyo nyeupe ya kwanza, kwa herufi kubwa, mtu asinipe tena."